Kijiko kikubwa, jiwe kubwa

Mtoto wa miaka mitano anaanza darasa la awali Kasulu au Ujiji, mkoani Kigoma. Siku ya kwanza anakutana na ubao ulioandikwa a, e, i, o, u. Baada ya wiki anaziimba zote bila kukosea. Mwambie akuletee kikombe kilicho nyuma ya ndoo, anakuletea ndoo.

Watoto wetu wengi nyumbani wanasema Kiha, na maji kwao ni amazi. Hilo halina ubaya. Kiha nacho kina ngeli, kwa hiyo mtoto anajua tayari kwamba jina huburuta maneno mengine nyuma yake. Bado azoee viambishi vya Kiswahili, na sijaona mtoto aliyevizoea kwa kukariri jedwali.

Tandika mkeka. Weka vijiko viwili, mawe mawili na majani mawili, kimoja kikubwa, kingine kidogo. "Nipe kijiko kikubwa. Sasa jiwe kubwa. Jani dogo liweke chini ya jiwe." Akisema "kijiko mkubwa", usimkemee wala usimrudishe nyuma. Pokea, useme, "Ahaa, kijiko kikubwa, asante." Kisha mbadilishane: yeye aagize, wewe utii, na mara mojamoja ukosee makusudi. Mtoto akipata nafasi ya kumtuma mwalimu, mdomo unafunguka.

Silabi nazo zishikwe. Kokwa za chikichi zilizobaki baada ya kukamua mawese zinatosha: kila silabi kokwa moja. Da-ga-a, tatu. Mi-ge-bu-ka, nne. Neno "mto" huwatega. Wengi huweka moja. Litamkeni polepole, m-to, nao wataisikia ile "m" ikisimama peke yake. (Hata walimu hubishana hapa.) Kwa walio chini ya miaka mitatu tumieni makofi, maana kokwa huishia puani au kooni.

Herufi zifuate baadaye, kwa kidole mchangani kabla ya kalamu.

Mzazi asiye na mkeka wala muda anao mwalo, pale ufukoni samaki wanaposhushwa. Mnapoanika dagaa, mpe mtoto kazi ya kuchagua na muulize kila mara. "Hawa je?" "Hawa wamekauka." "Na wale?" "Wale bado." "Na kikapu?" Hapo atasita kidogo, atakiangalia, halafu atasema: "Kimejaa."