Gati la zamani halina msamaha: haki za watu wenye ulemavu kwenye vituo vya boti vya umma Marekani

Majira ya boti yakianza, malalamiko tunayopokea kutoka kwa watu wenye ulemavu huongezeka, na safari hii mengi yamekuja na jibu lilelile la wasimamizi wa magati: "Gati hili lilijengwa kabla ya sheria." Jibu hilo si sahihi. Tumelieleza kwa barua, kwa simu na kwenye mikutano ya hadhara, na hapa tunalieleza tena.

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, maarufu kama ADA, ilisainiwa Julai 26, 1990. Sehemu yake ya pili inazihusu serikali za majimbo na za mitaa. Haiulizi gati lina umri gani. Inauliza kama huduma, ikitazamwa kwa ujumla wake, inamfikia mtu mwenye ulemavu. Ni kweli kwamba kanuni za ADA za 2010 ziliruhusu vitu vilivyotimiza viwango vya ujenzi vya ADA vya 1991 vibaki vilivyo hadi vitakapofanyiwa ukarabati. Lakini viwango vya 1991 havikuwa na kipengele cha magati ya boti za burudani, na hakuna anayeweza kudai ametimiza kiwango ambacho hakikuwepo. Ndiyo maana vituo hivyo vimetajwa waziwazi kuwa havipati nafuu hiyo.

Wananchi nao wakati mwingine huisoma sheria kwa pupa. Si lazima kila nafasi ya kuegesha boti ifikike na mtu mwenye ulemavu. Kituo chenye nafasi 1 hadi 25 kinatakiwa kuwa na 1 inayofikika. Nafasi 26 hadi 50, ziwe 2. 51 hadi 100, ziwe 3, na kuendelea. Nafasi hiyo haihifadhiwi kama ile ya gari. Iko zaidi kama chumba cha hoteli: msimamizi anaweza kuishikilia mpaka nyingine zijae, kisha akampa yeyote. Kwa hiyo ukikuta boti ya mtu asiye na ulemavu imefungwa hapo, hilo peke yake si kosa, na tunaomba tusipigiwe simu kwa sababu hiyo tu.

Kinachozua ubishi mkubwa ni daraja linalotoka nchi kavu kwenda kwenye gati linaloelea. Maji yakipwa, daraja huinama, yakijaa, hulala. Mteremko haupaswi kuzidi 1 kwa 12 (yaani kupanda futi 1 kwa kila futi 12 za urefu), ila unaruhusiwa kuzidi iwapo daraja lina urefu wa angalau futi 80 (kama mita 24), au futi 30 kwa kituo chenye nafasi pungufu ya 25. Daraja linaweza basi kuwa kali saa za maji kupwa na bado likawa halali. Haturidhiki nalo, lakini ndivyo kanuni ilivyo. Kamba, ndoo na masanduku ya barafu yaliyoachwa ndani ya upana wa inchi 60 unaotakiwa kuwa wazi kwenye nafasi inayofikika ni jambo jingine kabisa. Hapo hahitajiki mhandisi; anahitajika mtu wa kuviondoa.

"Hakuna fedha" nalo si neno la karani wa getini. Kanuni inataka uamuzi wa kwamba gharama ni mzigo usiobebeka utolewe na mkuu wa taasisi au aliyemteua, baada ya kuangalia rasilimali zote zinazopatikana kwa huduma hiyo, na sababu ziwekwe kwa maandishi. Iombe karatasi hiyo. Hata ikiwepo, taasisi inabaki na wajibu wa kutafuta njia nyingine ya kukuhudumia. Na gati likikodishwa kwa kampuni, wajibu wa serikali hauhami pamoja na funguo.

Sasa utaratibu. Taasisi yenye wafanyakazi 50 au zaidi lazima iwe na mratibu wa ADA na utaratibu wa malalamiko uliotangazwa. Andika tarehe, mahali, ulichozuiwa kufanya na cheo cha aliyekuzuia. Picha ya daraja iwe na saa, kwa sababu mteremko hubadilika maji yakipwa na kujaa. Asiyeweza kuandika aombe kusikilizwa kwa njia nyingine. Malalamiko kwa serikali ya shirikisho yawasilishwe ndani ya siku 180 tangu tukio, si tangu ulipojibiwa na mji. Wala hulazimiki kumaliza ngazi ya mji kwanza. Masuala ya bustani na burudani hushughulikiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo hapa Marekani husimamia ardhi na hifadhi, si polisi. Ukipeleka Wizara ya Sheria, nao wataelekeza panapohusika.

Wengi hutuuliza tumempiga faini nani. Hatupigi faini, na sehemu ya pili haikuweka faini ya aina hiyo. Mahakama inaweza kuamuru marekebisho, na anayeshinda anaweza kurudishiwa gharama za wakili. Fidia ya kuadhibu haipo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2002. Kumlipizia kisasi mlalamikaji ni marufuku. Maelezo haya ni ya jumla, na kila shauri huangaliwa kwa mazingira yake.

Mwisho, kuhusu wakalimani. Mkalimani wa lugha ya alama kwenye mkutano wa baraza ni suala la ADA: omba mapema, na hutozwi chochote. Mkalimani wa Kiswahili si suala la ADA. Ombi hilo lipelekwe kwa ofisi ya mji inayoshughulikia huduma za lugha.