Kuongeza mbegu ya shayiri si kuongeza shayiri

Juma lililopita, katika shamba moja huku Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, nilisikia tena neno ambalo sasa limenichosha: "Afisa, mwaka huu nimemwaga kilo 80 kwa ekari, nitavuna mara mbili." Nilichuchumaa ukingoni, nikang'oa mche mmoja, nikahesabu machipukizi matano, nikaingia hatua kumi ndani, nikang'oa mwingine, ukatoka na shina moja jembamba, majani yake ya chini yakiwa yamegeuka manjano. "Mzee," nikamwambia, "miche hii miwili imetoka gunia moja."

Mavuno ni idadi ya masuke, mara punje za kila suke, mara uzito wa punje, na ukikivuta kimoja kupita kiasi vingine husinyaa. Shayiri ya safu mbili, yaani ile ambayo punje za suke hukaa katika safu mbili tu, haina punje nyingi katika suke, hivyo ni kweli kwamba tegemeo lake ni wingi wa masuke. Kosa ni kudhani kwamba kila suke linadai mbegu yake, ilhali mche wenye nafasi huchipua wenyewe mashina mengine yenye masuke. Uliobanwa hurefuka kutafuta mwanga, na mvua ya usiku mmoja huulaza. Punje zake nyembamba hupenya chekeche la mnunuzi, na kinachopenya hakilipwi bei ya kimea, yaani ya shayiri ya kuotesha kwa ajili ya bia.

Kinachoniudhi zaidi ni hizo kilo zenyewe. Kilo 40 kwa ekari, punje elfu moja zikiwa na gramu 40, ni mbegu milioni moja, yaani karibu 250 kwa mita ya mraba. Punje hizo elfu zikiwa na gramu 50, kilo zile zile ni mbegu 800,000. Zikiwa na gramu 35, ni zaidi ya 1,100,000. Anayeuliza "kilo ngapi?" kabla ya kupima punje na kujaribu uotaji wake ameuliza nusu ya swali.

Nafasi kati ya mistari iwe sentimita 20, mbegu ifukiwe sentimita 3 hadi 5, basi. Nakiri kwamba hiyo 20 naitamka kwa uhakika kuliko ninavyoiamini, kwa maana ukipanda kwa 15 au kwa 25, machipukizi husawazisha sehemu kubwa ya tofauti. Aliyechelewa kupanda namwongezea mbegu kidogo, kwani muda wa kuchipua umepungua. Lakini katika udongo uliochoka nabadili ushauri wangu karibu kila msimu, kwa kuwa mche hauchipui vizuri, jambo linalodai mbegu zaidi, lakini chakula cha kulisha miche mingi nacho hakipo.

Mzee aliniuliza kama ang'oe nusu. Nilimwomba asiguse kitu, na ile mbolea ya yuria iliyokuwa tayari kwenye ndoo airudishe ghalani, maana ingeilaza shayiri hata kabla ya mvua.