Kilima cha Handeni: Dhahabu Ipo, Mgodi Haupo, Kwa Nini?

Hapa Tanga mjini watu wakishajua we ni mjiolojia basi umekwisha, iwe Ngamiani kwenye kahawa au ndani ya basi la Handeni swali ni lile lile: "Shehe, kile kilima wazungu walikiachaje na dhahabu ipo?" Ni kweli ipo, nimeiona kwa macho yangu. Ila kuwa na dhahabu na kuwa na mgodi ni mambo mawili, na leo ngoja niandike yote nikichoka kuulizwa niwe natuma linki tu. Na kuna kaka kaniuliza anunue leseni ya kuchimba kilima hicho au aache, huyo jibu lake liko mwishoni.

Kilima chenyewe sikitaji jina. Nawajua nyie, nikitaja tu kesho asubuhi bodaboda zimejipanga. Kiko wilaya ya Handeni, juu yake kuna mwamba wa kwatzi, jiwe jeupe la maziwa lenye madoa ya kutu, unaufuata kwa miguu kama mita mia mbili hivi halafu unazama kwenye udongo mwekundu. Pembeni kuna maduara (mashimo ya wachimbaji) ya zamani, mengine yameshafukiwa na mvua, na mitaro ya kampuni iliyoota majani. Hakuna anayechimba.

Sasa mawe yake. Handeni iko kwenye Ukanda wa Msumbiji, yaani sehemu ambayo miaka kama milioni 650 hadi 550 iliyopita vipande vya mabara viligongana na kilichokuwa juu kikashushwa kilomita nyingi chini, joto likapita nyuzi 700 sehemu nyingine, mawe yakaiva kama wali uliosahaulika jikoni. Ndo maana huko unakuta naisi (jiwe lenye mistari mistari), amfiboliti (jiwe jeusi lenye chuma) na garneti (punje nyekundu za vito) za kumwaga, mpaka watoto wanaziokota njiani. Na hapo ndo ulipokuwa mgogoro wa wataalamu, maana kwa miaka mingi mafundisho yalikuwa kwamba dhahabu ya maana inakaa kule Kanda ya Ziwa, Geita na wenzake, kwenye mawe ya miaka bilioni 2.7 hivi ambayo hayajaiva sana, na haya ya mashariki yamepikwa mno, ukitaka vito nenda, ukitaka dhahabu geuza gari. Baadaye upimaji wa umri kwa zikoni, chembe ngumu za madini zinazotunza umri wa jiwe, ukaonyesha baadhi ya mawe ya ukanda huu ni ya zamani zile zile za Kanda ya Ziwa, yamepikwa tu mara ya pili. Kwa hiyo inawezekana dhahabu nyingine ilikuwepo kabla ya kupikwa, nyingine ikaja au ikahamishwa wakati wa kupikwa, na wataalamu hadi leo wanabishana na mimi nawaacha wabishane.

Ukiangalia historia unaelewa kwa nini hakuna aliyekuja mapema. Mjerumani alianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, ikapita Korogwe kuelekea juu, lakini akili yake huku ilikuwa katani na mashamba ya Usambara. Dhahabu yake aliipata mbali, Sekenke huko Iramba, na ndiyo iliyotumika kutengeneza zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, Tabora mwaka 1916 vita ikiwa imembana. Mwingereza akaenda Lupa huko Chunya, na Geita. Wanajiolojia wa serikali kutoka Dodoma wakachora ramani zao za QDS (karatasi za robo digrii), kazi nzuri sana nazitumia mpaka leo, ila zinakuambia kuna naisi, kuna amfiboliti, basi.

Waliovunja ule ubishi ni wachimbaji wadogo. Kuanzia mwaka 2003 hivi kulikuwa na rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, Amani kule Usambara Mashariki, ndani ya msitu ambao maji yake yanashuka mto Zigi hadi bwawa la Mabayani tunalokunywa sisi wa mjini (hiyo nasema wazi haikuwa sehemu ya kuchimba, zebaki ya kukamatia dhahabu ikiingia kwenye chanzo cha maji ni balaa). Miaka hiyo hiyo ndo habari za Handeni na Kilindi zikaanza kuvuma, watu wakapanda Magambazi, kilima kingine cha Handeni, na sululu na karai. Kampuni zikaja nyuma yao, sio mbele yao. Canaco ya Canada ikachoronga Magambazi, matokeo mazuri yakatoka na ghafla kila kilima chenye jiwe jeupe Handeni kikawa na leseni ya utafutaji, pamoja na hiki changu. Halafu mwaka 2013 bei ya dhahabu ikaporomoka kutoka kwenye dola 1,600 na kitu kwa aunsi (gramu 31 hivi) hadi 1,200, hela za utafutaji zikakauka na vilima vidogo vikaachwa kama vilivyo.

Lakini bei peke yake haitoshi kueleza, twende kwenye hesabu. Chukua mwamba mpana mita 1, urefu mita 200, kina mita 100. Hiyo ni mita za ujazo 20,000, kwatzi ina tani 2.65 kwa mita ya ujazo, unapata tani 53,000. Weka gramu 5 kwa tani, ambayo sio mbaya kabisa, ni kilo 265, aunsi 8,500 hivi. Kwa mtu na ndugu zake ni utajiri, kwa kampuni ya kujenga mtambo, barabara na umeme haifiki popote. Na mwamba wangu haufiki mita, sehemu nyingi ni sentimita 40, sasa mtu hawezi kufanya kazi ndani ya sentimita 40, lazima uchimbe mita 1.2, yaani jiwe lako la gramu 9 kwa tani unalichanganya na jiwe tupu mara mbili yake linakuwa gramu 3. Hapo bado hujazungumzia sampuli zenyewe, maana dhahabu ya aina hii inakaa kwa punje punje, maabara inayeyusha gramu 50 tu za unga, punje moja ikiingia unasoma gramu 40, isipoingia unasoma sifuri, na jiwe ni lile lile.

Hapa ndo pana kitu ambacho naona wengi wamekiruka, kampuni na wachimbaji wote. Maji yaliyotengeneza mwamba huu yalikuwa ya moto kweli kweli, yenye hewa ya ukaa na salfa, na dhahabu ilisafiri ikiwa imeng'ang'ania salfa. Jiwe likipasuka kwa tetemeko presha inashuka ghafla, kwatzi inaganda, ufa unaziba, presha inapanda tena, unapasuka tena. Ila maji hayo yakigusa amfiboliti yenye chuma nyingi, salfa inaiacha dhahabu inakimbilia chuma, inatengeneza pairaiti na pirotaiti (madini ya chuma na salfa), na dhahabu imebaki haina wa kuibeba, inaanguka palepale ukutani. Sio kwenye jeupe, kwenye jeusi la pembeni! Magambazi penyewe dhahabu inaambatana na amfiboliti yenye garneti, sio kwatzi peke yake. Kule kilimani kwetu jeusi limerundikwa mdomoni mwa maduara kama takataka, watu walibeba jeupe tu kupeleka karasha (mashine ya kusaga mawe), na mitaro ya kampuni ninayoiona sampuli zimekatwa kwenye kwatzi na nusu mita kila upande, basi.

Kwa hiyo kaka uliyeniuliza kama ununue ile PML (leseni ya mchimbaji mdogo) kwa vile bei ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa aunsi mwaka 2025: usianze kushusha duara. Chukua sampuli za yale marundo meusi, hasa yenye kutu na garneti, kila rundo kilo kadhaa, saga zote kwanza ndo ugawe za maabara. Zikitoka hata gramu 1 na kitu kwa tani, kwa upana wa mita kumi, hapo tunaongea lugha nyingine na nitakuja mwenyewe. Zikitoka tupu, mwachie mwenye leseni leseni yake.