Kuchoma majani uani: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

Kiangazi kikishika, kuanzia mwezi wa sita hivi mpaka wa kumi, ukipita mitaa ya Dar na Pwani asubuhi na mapema unasikia fagio na reki, ikifika saa mbili unaona moshi. Kila nyumba na kilundo chake, majani ya mwembe, ya mkungu, makuti makavu, nyasi zilizofyekwa jana, na ukichungulia katikati humo hukosi pempasi, chupa ya soda na mfuko wa lailoni. Mi nimekulia humo humo, babu yangu alikuwa akimaliza kufagia anawasha, na hamna mtu aliyewahi kumwambia kitu. Nilikuja kubadilika mwaka ule banda la kuku la jirani yangu lilipoungua, na liliungua siku ambayo hakuna mtu aliyewasha moto. Hiyo nitaifikia huko chini. Kwanza tuanze na ile kauli ambayo kila mtu anayo mdomoni.

"Ua ni wangu, nachoma ninavyotaka."

Hapana. Ua ni wako lakini moshi hauna hati ya kiwanja. Kwa hapa Tanzania taka ngumu ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kazi ya kuzisimamia mitaani wamepewa halmashauri, ambazo zinatunga sheria ndogo zao wenyewe. Ndo maana unaweza kuhamia wilaya nyingine ukakuta kitu ulichokuwa unafanya miaka yote huko ulikotoka, huku kina faini. Usimuulize bodaboda wala shemeji yako anayejua kila kitu, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukamuulize mtendaji au afisa afya wa kata, ni swali la dakika tano tu: hapa kwetu kuchoma majani kunaruhusiwa? Saa ngapi? Kinahitajika kibali? Na kwa wale wenye mashamba yanayopakana na msitu au pori, msidhani Sheria ya Misitu ya 2002 inawahusu wachoma mkaa peke yao, ina sehemu inayozungumzia moto na vibali vya kuchoma mimea, na kijijini pa kuanzia ni kwa mtendaji wa kijiji. Moto ukitoka kwako ukala shamba la mwenzio, "haikuwa makusudi yangu" haimrudishii mahindi yake, atakudai fidia, na ikigundulika uliwasha makusudi basi hiyo ni jinai kabisa, iko kwenye Kanuni ya Adhabu.

Halafu kuna hii ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wengi wanaichukulia kama ruhusa ya kuchoma, kwa sababu siku hiyo mtaa mzima unawasha na mwenyekiti mwenyewe anapita anawasalimia. Usafi ni kufagia, kuzibua mifereji na kukusanya taka zikazolewe. Kama halmashauri yenu imekataza kuchoma, imekataza na Jumamosi pia.

"Ni majani tu, plastiki imo kidogo."

Hapa ndo naumia kabisa, maana tunajidhuru kwa mikono yetu. Majani makavu peke yake yanatoa moshi wenye chembe ndogo sana ambazo zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na mtoto mwenye pumu hahitaji zaidi ya hapo. Sasa ukiongeza plastiki ni kitu kingine. Plastiki za aina ya PVC, yani mabomba, vipande vya nyaya, baadhi ya viatu na mazulia, zikichomwa kwenye moto hafifu kama wa uani zinatoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mazingira miaka na miaka na inaingia kwenye mafuta ya mwili wa kuku, wa ng'ombe na wa kwetu sisi. Kuku wa kienyeji anayechakura pale pale penye jivu ndo huyo huyo unayekula yai lake. Tanuri maalumu za kuteketeza taka zinafika joto la nyuzi 850 na kupanda, lile pipa lako lililotobolewa halifiki huko hata ulichochee vipi, kwa hiyo msijidanganye kwamba "kwenye pipa inaungua yote".

Mifuko ya plastiki yenyewe tulishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vimebaki vingi, na vinaishia kwenye moto. Tenga. Weka majani huku, plastiki huku kwenye kiroba cha wazoa taka. Na kuna vitu ambavyo hata kimoja hakitakiwi kuingia kwenye moto: makopo ya dawa ya kupulizia mbu maana yanalipuka, betri, matairi, mbao zilizopigwa dawa ya kuzuia mchwa (zile za dawa ya kijani zingine zina sumu ya aseniki, na inabaki kwenye jivu), maganda ya korosho ambayo mafuta yake yanatoa moshi unaounguza macho na koo. Na ukifyeka ua wa minyaa, usiwashe, utomvu wake unajulikana kwa kuunguza macho na moshi wake nao haufai, wanaoishi kusini na pwani wanajua ninachosema.

"Moshi wa jioni unafukuza mbu."

Mama zetu wametuambia hivi na sitaki kuwavunjia heshima, maana ni kweli moshi unawasumbua mbu kidogo pale pale ulipo. Lakini mbu wa malaria anauma zaidi usiku, wakati wewe umeshalala na moto umeshazima, kwa hiyo kinachokukinga ni chandarua. Kinachobaki na moshi wa jioni ni hasara tupu, kwa sababu jioni hewa inatulia na kupoa, moshi haupandi juu, unatambaa chini chini na kuingia madirishani kwa watu wanaokula, wanaoswali, wenye watoto wachanga. Kama jirani yako ana mgonjwa ndani, hiyo jioni yake umeiharibu na huenda asikwambie, atafunga dirisha tu akae na joto.

"Mchana jua likiwa kali ndo muda mzuri, kunawaka haraka."

Kunawaka haraka ndiyo, ndo tatizo. Pwani yetu mchana upepo wa bahari unaamka, na kuti kavu likishika moto linapaa likiwa linawaka, halidondoki hapo, linaenda kudondoka kwenye paa la makuti la nyumba ya tatu. Bara nako kiangazi nyasi ni kiberiti kitupu. Kumbukeni Kilimanjaro Oktoba 2020, TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, walisema ule moto ulianzia sehemu inaitwa Whona, wapagazi walikuwa wanapasha chakula, moto wa kupasha chakula tu jamani, uliishia kuunguza karibu kilomita za mraba 95 za mlima na watu mamia walipanda kuuzima.

Kwa hiyo kama kwenu kunaruhusiwa, na umeshauliza, chagua asubuhi isiyo na upepo. Fagia au palilia ibaki ardhi tupu kuzunguka kilundo, mita tatu angalau kila upande, na kiwe mbali na nyumba, na ukuta wa makuti, na banda, na nguzo ya umeme, usichome chini ya nyaya wala chini ya mti, matawi ya juu yakikauka kwa joto nayo yanashika. Kilundo kiwe kidogo, unalisha kidogo kidogo, sio mlima mmoja unaokuzidi urefu. Maji yawe pale kabla hujawasha kibiriti, ndoo mbili tatu au mpira wa maji uliounganishwa tayari, na chepe. Majani mabichi usiyatie, hayawaki, yanafuka tu. Vaa viatu vya kufunika na nguo ya pamba, kandambili na gauni la nailoni ni hatari, nailoni ikishika inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Waambie majirani mapema, mtu ana nguo zake kamba nzima. Na usiondoke. Sio unawasha halafu unaenda dukani kununua vocha, sio unamwachia mtoto wa darasa la tatu "angalia moto".

"Mwagia petroli kidogo iwake."

Usifanye. Petroli ikimwagwa inatoa mvuke ambao huuoni, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka miguuni kwako, kwa hiyo ukiwasha kibiriti kinachowaka sio kilundo, ni hewa uliyosimama ndani yake. Na kumwagia kwenye moto ambao tayari unawaka ni mbaya zaidi, moto unapanda na mkondo mpaka kwenye dumu ulilolishika. Kama majani hayawaki bila mafuta maana yake ni mabichi, yaache yakauke. Mtu akiungua, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, halafu hospitali. Dawa ya meno, yai, asali, mafuta ya kula, vyote hivyo acheni, vinaficha joto ndani na daktari inabidi aanze kuvikwangua kwenye kidonda.

"Moto umezima, limebaki jivu."

Sasa ndo lile banda la kuku. Jirani yangu alichoma matawi ya mwarobaini na magogo ya mpapai siku ya Jumapili asubuhi, alifanya vizuri karibu kila kitu, alikaa nao mpaka ukaisha, jioni akafukia na mchanga akaenda kulala. Jumatatu mchana upepo ukaamka. Mchanga ule ulikuwa umefunika makaa kama blanketi, ndani yalikuwa mekundu kama alivyoyaacha, upepo ukafukua, cheche zikaruka kwenye pumba za banda lake. Kuku kumi na kitu na paa lote, dakika chache tu, na wote tulikuwa makazini, walioona ni mafundi waliokuwa wanajenga nyumba ya nyuma, ndo waliokimbia na ndoo. Sina cha kumlaumu yule mzee, na mimi ningefukia vile vile, wote tulifundishwa kufukia.

Mchanga hauzimi makaa, unayaficha, na mtoto akikanyaga pale kesho yake anaungua nyayo. Kinachozima ni maji na kukoroga: mwaga maji, geuza kwa chepe mpaka chini, mwaga tena, geuza tena, mpaka isitoke "shii" wala mvuke. Halafu sogeza mgongo wa mkono karibu bila kugusa, ukisikia joto lolote bado. Angalia na mizizi ya kisiki kilicho karibu, moto unaweza kuingia kwenye mzizi mkavu ukatembea chini ya ardhi taratibu. Kesho yake rudi uangalie tena. Na jivu lisitiwe kwenye kiroba au ndoo ya plastiki siku ile ile.

"Kuchoma kunarutubisha udongo."

Nusu kweli. Jivu lina potashi na chokaa, na likiwa kidogo linasaidia udongo wenye tindikali. Ila naitrojeni karibu yote imeshapaa na moshi, na zile mbolea za kuoza ambazo zingeshika maji zimekwenda nayo, na juu ya hapo udongo ulioungua unabaki mgumu. Majani hayo hayo ukiyatandaza kwenye shina la mgomba au mchungwa yanatunza unyevu kiangazi chote, Wachaga wanafanya hivyo kwenye vihamba vyao, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, miaka yote. Au rundika pembeni, majani makavu, nyasi mbichi, maganda ya jikoni, samadi kama unayo, mwagia maji, geuza kila baada ya wiki mbili tatu, ndani ya miezi michache una mboji. Majani ya mwembe ni magumu yanachelewa, yakatekate kwanza. Matawi makubwa kuna watu wa kuni watakushukuru. Mi tangu mwaka ule sijawasha uani kwangu hata mara moja, na ua ni mdogo tu, miti mitatu.

"Zimamoto hawaji, kuwapigia ni kupoteza muda."

Hii inaua watu, kwa sababu inawafanya wapige simu baada ya kujaribu nusu saa na ndoo. Namba ni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, piga moto ukiwa bado ni wa nyasi. Sema mtaa, sema alama ya karibu inayojulikana, shule, msikiti, kituo cha daladala, sema kinachoungua na kama kuna mtu ndani. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba, gari linafika barabara kuu halijui likate wapi, kwa hiyo mtume kijana mmoja na simu yenye chaji akasimame njia panda awaongoze, na wengine waanze kutoa magari na vizimba vya biashara vilivyoziba uchochoro.