Uraibu: arosto ikiisha, kinachobaki ni nini?

Mtaani uraibu hupimwa kwa arosto. Anayetetemeka, kutoka jasho, kutapika na kuharisha kwa kukosa kete ya heroini, huyo ni teja, yaani mraibu, akitulia, amepona. Kwa kipimo hicho ndugu humpeleka kijana kwa bibi yake Kondoa, akachunga mbuzi miezi mitatu na kunenepa. Siku anayoshuka stendi ya Nanenane, Dodoma, jua halijazama yuko kijiweni. Watu watasema hana haya, ila kilichoisha kule Kondoa ni arosto, na arosto ni sehemu ndogo ya uraibu.

Arosto ni mwili kudai ulichozoeshwa. Kwa heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, na dalili nyingi huisha ndani ya siku 10. Inatesa sana, lakini kwa mtu mzima mwenye afya huua mara chache. Pombe ndiyo ya kuogopa zaidi: anayekunywa gongo kila siku kwa miaka akiikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Huyo hafungiwi chumbani ajikaze, anapelekwa hospitali.

Isitoshe, arosto yaweza kumpata mtu asiye mraibu kabisa. Mgonjwa wa saratani aliyetumia mofini kwa wiki kadhaa, ikikatwa ghafla atatetemeka vilevile, lakini hatauza simu ya mkewe ili aipate.

Uraibu wenyewe ni somo ambalo ubongo umelishika mno. Mwalimu wake ni dopamini, ambayo wengi huiita kemikali ya raha, jina linalopotosha. Katika majaribio ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz kwa kima, mwanzoni chembe za ubongo zinazotoa dopamini zilisisimka kima alipopewa juisi. Alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia juisi, zikawa zinasisimka taa inapowaka, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ikiwaka juisi isije, zilinywea. Yaani dopamini hufundisha kipi cha kufuatwa, na ishara ipi inakitangulia. Chakula hufundisha hivyo kwa kiasi, lakini dawa za kulevya huipandisha dopamini moja kwa moja, hata kama mtumiaji hapati faida yoyote.

Ndipo kutaka na kufurahia vinapoachana njia. Mwaka 1993 watafiti wa ubongo Terry Robinson na Kent Berridge walieleza kwamba katika ubongo hivyo ni vitu viwili, na kwamba uraibu huikuza hamu hata raha inapofifia. Muulize aliyevuta unga, yaani heroini, miaka kumi: stimu, ile raha ya kulewa, haipati tena, anavuta ili awe kawaida tu, lakini hamu iko palepale. Kumhubiria kwamba dawa haina raha ni kumwambia analolijua kuliko wewe.

Na hamu hiyo imefungwa kwenye ishara: karatasi ya sigara, rafiki fulani, kona fulani, saa ya mshahara kuingia kwenye simu. Mwili nao hujiandaa kuikabili dawa mahali ulipozoea. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake waliwapa panya waliozoeshwa heroini dozi kubwa inayofanana. Waliopewa katika chumba walichozoea walikufa 32%. Waliopewa katika chumba kigeni, 64%. Dozi ni ileile, mahali ndipo palipotofautiana. Upande wa pili wa jambo hilo ni askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia na kukuta kwamba kati ya waliokuwa waraibu wa heroini kule, takriban 5% tu walirudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Wao waliziacha ishara zao ng'ambo. Kijana wetu alirudishwa zilipo.

Kubeti hakuna unga wala chupa, ila somo ni lilelile. Ushindi usiotabirika hufundisha kwa nguvu kuliko malipo ya kila mara, ndiyo maana sarafu za 200 zinaishia kwenye dubwi, zile mashine za kamari. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, uliochanwa na timu moja huchochea kama ushindi, wakati mfukoni ni hasara tupu.

Kasi nayo ni muhimu. Moshi wa sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na kadiri malipo yanavyowahi, ndivyo somo linavyozama. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini inayotolewa kliniki ya Itega hapa Dodoma hutumia kanuni hiyo kinyume: hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hupanda polepole na kudumu zaidi ya saa 24, hivyo huzuia arosto bila kumpa stimu aliyezoea. Wanaosema ni kubadilisha teja wa hiki kuwa teja wa kile hawajaona tofauti ya mtu anayehangaikia kete mara nne kwa siku na anayekunywa dawa asubuhi akaenda kazini.

Kwa anayerudi kutoka kijijini, basi, maandalizi yafanyike kabla hajapanda basi. Asifikie mtaa uleule ikiwezekana, laini ya simu ibadilishwe, fedha zishikwe na mtu mwingine kwa miezi ya mwanzo. Hamu ikipanda, kwa kawaida hushuka ndani ya nusu saa isipolishwa. Atembee, ale, akae na mtu. Na aambiwe waziwazi: uvumilivu wa mwili umeshuka, kiasi alichokimudu zamani sasa kinaweza kumzima pumzi. Akikutwa haamki, anapumua polepole, pumzi moja ikiwa mbali na nyingine, midomo imebadilika rangi na mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kummwagia maji au kumnywesha maziwa ni kupoteza dakika.