Athari ya Muundo wa Swali: Kura za Maoni Kuhusu Mageuko na Imani

Athari ya muundo wa swali ni pale majibu ya kura ya maoni yanapobadilika kwa sababu ya namna watu walivyoulizwa, hata kama misimamo yao haijabadilika. Maswali yanayokutanisha mageuko ya viumbe na imani ya dini huathirika sana.

Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha Pew, nchini Marekani, kiligawa wahojiwa wake kwa bahati nasibu. Kundi moja liliulizwa kwa hatua mbili. Kwanza: je, binadamu amebadilika na kupita kwa wakati, au amekuwa hivi alivyo tangu mwanzo? Suala la Mungu lilikuja baadaye, tena kwa wale tu waliosema amebadilika. Asilimia 31 walijibu kwamba amekuwa hivi tangu mwanzo. Kundi lingine lilipewa majibu matatu kwa mpigo, na moja lilisema binadamu amebadilika kwa kuongozwa au kuruhusiwa na Mungu. Safari hii waliosema hajabadilika walikuwa asilimia 18 tu. Miongoni mwa Waprotestanti weupe wa makanisa ya kiinjili, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kutoka asilimia 66 hadi 38.

Hao hawakudanganya. Naamini muumini akiulizwa juu ya mageuko bila Mungu kutajwa, wengi husikia swali jingine kabisa: je, unamkana Muumba? Anajibu hilo. Ndiyo maana siwezi kukubali vichwa vya habari vinavyotumia asilimia kama hizo kuonyesha kwamba watu wa dini ni maadui wa sayansi. Papa Yohane Paulo II mwenyewe aliandika mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Gallup nao, shirika la kura za maoni la Marekani, tangu 1982 wana swali lao lenye majibu matatu. Jibu la uumbaji linasema Mungu alimuumba binadamu katika umbo lake la sasa ndani ya takriban miaka 10,000 iliyopita. Hapo mambo mawili yamefungwa pamoja, uumbaji na umri, na anayeamini la kwanza bila la pili hana pa kuweka alama. Waliochagua jibu hilo walikuwa asilimia 44 mwaka 1982, na 37 mwaka 2024. Mlinganisho huo ni halali, kwa kuwa swali ni lile lile. Kuchukua 37 ya Gallup na kuiweka kando ya 18 ya Pew, kisha kutangaza kwamba imani imepanda au imeshuka, si halali.