Greenbelt, Maryland: mji wa waenda kwa miguu na ardhi isiyogawanywa

Kilomita 20 hivi kaskazini-mashariki mwa katikati ya Washington, katika wilaya ya Prince George's, kuna mji mdogo ambao wanafunzi wa mipango miji husoma ramani yake karibu kila mahali. Greenbelt ulijengwa na serikali kuu ya Marekani yenyewe. Kazi ilianza Oktoba 1935, na familia za kwanza zikahamia tarehe 30 Septemba 1937. Ramani yake inastahili sifa zote inazopewa. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini sehemu moja ya mji huo bado iko kama ilivyochorwa, na sehemu nyingine imekatwakatwa na barabara kuu, inabidi aangalie pia nani alimiliki ardhi, na kwa masharti gani.

Tuanze na ardhi. Eneo hili lilikuwa la wakulima, na tumbaku ililimwa hapo tangu enzi za ukoloni wa Waingereza. Tumbaku hunyonya rutuba haraka, na shamba likichoka huachwa lirudi kuwa kichaka. Kufikia miaka ya 1930 sehemu kubwa ilikuwa misitu michanga na mashamba yasiyozalisha kitu, na bei yake ilikuwa ya chini. Serikali ilinunua zaidi ya eka 3,000. Katikati ya ardhi hiyo kuna mgongo wa mwinuko wenye umbo la hilali, na wapangaji wakiongozwa na Hale Walker waliufuata badala ya kuusawazisha. Barabara mbili kuu, Crescent Road na Ridge Road, zinapinda pamoja nao. Maduka, shule na bwawa la kuogelea viliwekwa kwenye kikombe cha hilali, mahali ambapo kila nyumba inaweza kufika kwa miguu kwa muda mfupi. Kijito kilichokuwa jirani kilizibwa, na maji yake yakawa ziwa la eka 23.

Mradi ulikuwa chini ya idara iliyoitwa Resettlement Administration, iliyoongozwa na Rexford Tugwell, mchumi aliyekuwa karibu na Rais Franklin Roosevelt. Taifa lilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na lengo la kwanza lilikuwa ajira. Maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali walipewa sururu, majembe na mikokoteni, na kazi nyingi zilifanywa kwa mikono kwa makusudi ili watu wengi zaidi wapate ujira. Ndiyo maana gharama ilipanda, jambo ambalo wapinzani walilipigia kelele sana bungeni na magazetini. Miji minne ya aina hii ilipangwa. Mitatu ndiyo iliyojengwa: Greenbelt, Greenhills huko Ohio, na Greendale huko Wisconsin. Wa nne, Greenbrook wa New Jersey, ulisimamishwa mwaka 1936 baada ya wenyeji kwenda mahakamani na kushinda.

Awamu ya kwanza ilikuwa na makazi 885: nyumba 574 za safu, fleti 306, na nyumba 5 za kusimama peke yake zilizotengenezwa kwa vipande kiwandani. Baadhi zilikuwa za matofali na paa za mgongo, nyingine za bloku zilizopakwa rangi nyeupe zenye paa bapa.

Ramani ilifanya kazi hivi. Badala ya kukata ardhi katika viwanja vidogo vyenye barabara pande zote, wapangaji walichora mitaa mikubwa, kila mmoja zaidi ya eka 10, yenye barabara ukingoni tu. Kutoka barabara hiyo, njia fupi za magari zinaingia ndani na kuishia kwenye ua wa kuegesha. Nyumba zimezunguka ua huo, na kila nyumba ina nyuso mbili. Uso wa ua ni wa shughuli: mlango wa jiko uko huko, pipa la taka liko huko, na ndiko makaa ya mawe, barafu na mizigo vilikopokelewa. Uso wa pili unatazama bustani, na nyuma ya bustani kuna uwanja wa nyasi na miti usio wa mtu mmoja, wenye njia za miguu zinazoteremka hadi katikati ya mji. Mgeni anayefika kwa gari mpaka leo hugonga mlango wa jiko akidhani ndio wa mbele.

Pale njia za miguu zilipokutana na Crescent Road, watu walipitishwa chini ya barabara kwa vivuko vifupi vya zege. Mtoto wa darasa la kwanza aliweza kutoka nyumbani, akafika shuleni, akapita dukani na kurudi bila kukatiza barabara kubwa hata moja. Hapa mteremko wa hilali ulisaidia sana: barabara iko juu ya mwinuko na njia inateremka kuelekea bondeni, kwa hiyo kivuko hakikuhitaji shimo refu wala ngazi. Anayeiga wazo hili kwenye ardhi tambarare lazima achimbe, na akichimba anakuwa ametengeneza sehemu ya chini kuliko zote jirani. Maji ya mvua yatakimbilia huko, majani yataziba mfereji, na baada ya misimu michache watu wataanza kupita juu. Kivuko cha namna hii hufaa pale ardhi yenyewe inapokipa mteremko wa kutolea maji.

Wakazi walichaguliwa mmoja mmoja. Zaidi ya familia 5,000 ziliomba. Kipato kilipaswa kuwa kati ya dola 800 na dola 2,200 hivi kwa mwaka, kodi ya nyumba ilikuwa wastani wa dola 31 hivi kwa mwezi, na maofisa walikwenda majumbani kuwahoji waombaji. Uwiano wa Waprotestanti, Wakatoliki na Wayahudi ulipangwa ulingane na ule wa Washington. Masharti yaliingia hadi kwenye kamba ya nguo, kwani nguo zilitakiwa ziwe zimeanuliwa ifikapo saa kumi jioni. Mbwa hawakuruhusiwa.

Sharti zito kuliko yote lilikuwa la rangi. Wafanyakazi weusi walishiriki kuujenga mji huu, na hakuna hata familia moja nyeusi iliyoruhusiwa kupanga nyumba humo. Ilikuwa fedha ya umma, ardhi ya umma na uamuzi wa maofisa wa umma. Kila anayeusifu mpango wa Greenbelt anapaswa kuliweka hili palepale kwenye maelezo yake, kwa sababu fursa zilizotolewa mwaka 1937 za kodi nafuu, shule mpya na baadaye kumiliki nyumba zilirithiwa na wale waliokubaliwa tu.

Ndani ya mipaka hiyo ya kibaguzi, wakazi walijenga ushirika kwa kasi. Duka la chakula, kituo cha mafuta na kinyozi viliingia chini ya ushirika wa walaji, uliopata mtaji wake wa mwanzo kupitia mfanyabiashara wa Boston, Edward Filene, na kununuliwa na wakazi wenyewe mwaka 1940. Gazeti la mji, lililoanza Novemba 1937, bado linatoka kila wiki na kusambazwa bure mlango kwa mlango.

Mwaka 1941, vita ikikaribia, serikali iliongeza nyumba 1,000 kwa ajili ya wafanyakazi wa ulinzi. Zilijengwa haraka, kwa fremu za mbao, na uangalifu wa awamu ya kwanza haukuwepo. Idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara mbili, huku madarasa na maduka yakielemewa.

Baada ya vita Bunge liliamua serikali iache kuwa mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1949 iliruhusu miji hiyo mitatu iuzwe, na vikundi vya wakazi na wanajeshi wastaafu vikapewa nafasi ya kwanza. Hapa ndipo njia ziliachana. Huko Greenhills na Greendale nyumba ziliishia hasa mikononi mwa wamiliki mmojammoja. Greenbelt, wakazi waliunda ushirika ulionunua takriban nyumba 1,600 kwa pamoja mwishoni mwa 1952. Leo ushirika huo unaitwa Greenbelt Homes, Inc.

Utaratibu wake unafaa kueleweka vizuri. Mwanachama hanunui kipande cha ardhi wala kuta. Ananunua hisa ya uanachama pamoja na haki ya kutumia nyumba fulani bila kikomo cha muda, na anaweza kuiuza haki hiyo kwa bei ya soko kwa mtu atakayekubaliwa na ushirika. Kila mwezi analipa ada inayogharamia kodi ya majengo, bima ya jengo, uzoaji taka, matengenezo na akiba ya matengenezo makubwa. Akitaka kubadilisha sura ya nje anaomba kibali. Kwa kuwa hakuna hatimiliki ya kiwanja kimojakimoja, hakuna anayeweza kuweka ukuta katikati ya uwanja wa nyasi, au kuziba njia ya miguu na kuita nafasi hiyo yake.

Utaratibu huu una ugumu wake. Benki nyingi hazitoi mkopo wa kawaida wa nyumba pale ambapo dhamana ni hisa, hivyo wakopeshaji ni wachache. Na akiba ikipangwa ndogo ili ada isipande, majengo hulipiza kisasi. Nyumba hizo ziliwahi kupashwa joto kutoka vyumba vya boila kwa mabomba yaliyopita ardhini. Mabomba yalichakaa, na katika ukarabati mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 yaliachwa, zikafungwa hita za umeme kila nyumba. Kuanzia 2016 ushirika uliingia awamu nyingine ya kubadilisha madirisha, milango na hita.

Ardhi tupu iliyouzunguka mji, yaani mkanda wa kijani, ilikuwa na hatima nyingine. Ushirika ulikuwa umenunua mamia ya eka zake, lakini katikati ya miaka ya 1950 uliuza sehemu kubwa kwa wajenzi ili kupunguza mzigo wa fedha. Barabara ya Baltimore–Washington Parkway ilifunguliwa 1954 na barabara ya mzunguko ya Washington ikakamilika 1964. Zote zilipita kwenye mkanda wa kijani. Mji ukawa vipande vitatu: wa kale, wa magharibi wenye fleti nyingi za miaka ya 1960, na wa mashariki. Kituo cha treni za Metro kilichofunguliwa Desemba 1993 kiko magharibi, na mkazi wa mji wa kale hukifikia kwa basi au gari.

Mivutano juu ya ardhi hiyo ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Charles Bresler, mjenzi aliyetaka kibali cha kujenga nyumba nyingi zaidi huku mji ukihitaji kipande cha ardhi yake kwa ajili ya shule, alilishtaki gazeti la mji kwa kuripoti kwamba wananchi waliuita msimamo wake "blackmail", yaani kudai kitu kwa vitisho. Alishinda dola 17,500 katika mahakama ya chini. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo: gazeti liliripoti kwa usahihi mikutano ya hadhara, na msomaji yeyote angeelewa kwamba hayo ni maneno makali ya mabishano, si tuhuma ya jinai. Kesi hiyo bado inarejelewa katika sheria ya kashfa.

Leo Greenbelt yote ina watu karibu 25,000, na Wamarekani weusi ndio kundi kubwa zaidi. Eneo la kale lilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1997. Kusini mwake, zaidi ya eka 1,100 za ardhi ya awali zimekuwa hifadhi chini ya mamlaka ya hifadhi za taifa tangu 1950. Hicho ndicho kipande kikubwa zaidi cha mkanda wa kijani kilichosalia, na kimesalia kwa sababu hakikuwahi kuingia sokoni.